Mtoto Akicheza Judo: Mzazi Afanye Nini?

SOMO LA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

 

Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Akina mama wa kikundi kimoja hapa Mabanga walituambia kwamba watoto wao wameanza kujifunza judo, na wao hawajui ni mchezo wa aina gani. Ng'ombe wa maziwa wanawajua, mambo ya mikopo ya chama wanayajua, lakini judo hapana. Wakataka kujua: tuwakataze ama tuwaache? Jibu letu si ndiyo wala la. Mzazi anayeujua mchezo wa mtoto wake anaweza kumlinda. Asiyeujua anabaki kungoja habari njema au mbaya.

Kwa kiongozi wa kikundi: somo hili linatosha mikutano miwili. Soma hadithi pole pole, halafu nyamaza. Waache watu waongee kwanza kabla ya kuendelea na mafundisho.

HADITHI YA KUANZIA

(Hadithi hii ni ya kufundishia, lakini mambo yaliyomo hutokea kweli.)

Mvulana wa gredi ya sita alirudi jioni kutoka mazoezini. Siku hiyo aliangushwa kwenye udongo mkavu, akagonga kisogo. Wenzake walicheka, naye akacheka, akaendelea. Usiku akalalamika kichwa kinauma. Akatapika mara mbili.

Mama akasema, "Hii ni malaria tu." Akampa dawa zilizobaki za dada yake, akamfunika blanketi. Baba akasema, "Mwache alale, kesho ataamka mzima."

Nyanya ndiye aliyekuja na taa, akamgusa mtoto. "Mbona hana joto? Na mbona anaongea kama mlevi?" Hapo ndipo baba alipokumbuka: si alisema ameanguka? Wakaamsha jirani mwenye gari. Hospitalini waliambiwa damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Mtoto alipona, lakini alikosa masomo ya muhula mzima. Na wote walijua kwamba wangengoja asubuhi, mambo yangekuwa mengine.

Hebu tujiulize: ingekuwa nyumbani kwetu, nani angekuwa nyanya?

1. JUDO NI MCHEZO GANI?

Judo ni aina ya mieleka. Ilianzishwa Japani mwaka 1882 na mwalimu aliyeitwa Jigoro Kano. Hakuna ngumi wala mateke. Wachezaji wawili huvaa makoti mazito ya kitambaa, wanashikana, na kila mmoja anajaribu kumwangusha mwenzake chali au kumshikilia chini. Jina lenyewe maana yake ni njia ya upole: hushindi kwa kusukumana kama mafahali, bali kwa kutumia nguvu za mwenzako. Anaposukuma, wewe unavuta.

Wengi wetu tulipokuwa tukichunga ng'ombe tulicheza mieleka malishoni. Kwa hiyo jambo hili si geni sana. Tofauti ni kwamba judo ina sheria, ina mwalimu, na mtoto hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha.

Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1964 kule Tokyo, na wanawake wakaanza kushindania medali mwaka 1992. Kenya pia imo: mwaka 2012 Esther Ratugi aliiwakilisha nchi yetu katika judo kwenye Olimpiki ya London. Kule Unguja, Mjapani aitwaye Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha vijana wa pale miaka ya 1990, na wachezaji wakatokea. Basi tusiseme huu ni mchezo wa watu wa mbali, wala tusiseme wasichana hawauwezi.

Faida zake tunaziona. Mtoto anapata mwili imara na kujizuia hasira. Anajifunza kuinama kwa heshima mbele ya mwenzake kabla na baada ya pambano, hata kama ameshindwa.

2. KICHWA NDICHO CHA KUANGALIA KWANZA

Vidole vitateguka, magoti yatachubuka. Hayo hupona. Kinachoweza kuua ni kichwa.

Tujifunze kwa Wajapani wenyewe. Kuanzia mwaka 1983, kwa muda wa miaka karibu thelathini, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika judo ya shuleni huko Japani. Wengi walikufa kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa wanafunzi wapya, waliotupwa chini kwa nguvu kabla hawajajua kuanguka. Kwa miaka mingi watu walisema ni ajali tu. Wazazi waliofiwa walipoanza kuuliza maswali kwa pamoja, na walimu wakafundishwa kuhusu kichwa, vifo vilipungua sana. Mchezo ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni uangalizi. Nako Ufaransa, ambako watoto wengi sana hucheza judo, mtu haruhusiwi kufundisha kwa malipo bila cheti kinachotambuliwa na serikali.

Kwa nini kichwa kinaumia? Fikiria kibuyu chenye maziwa. Ukikitikisa ghafla, kibuyu hakipasuki, lakini maziwa yanarukaruka ndani. Ubongo nao hutikisika hivyo hivyo ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inaweza kukatika hata kama hakuna kidonda wala uvimbe nje. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuinuka na kusema, "Niko sawa," kisha akazidiwa usiku.

Dalili za hatari baada ya kuanguka ni hizi:

- kichwa kinauma na maumivu yanazidi
- anatapika
- anasinzia mno, au ni vigumu kumwamsha
- anaongea ovyo, anasahau, anauliza swali moja tena na tena
- mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko nyingine
- mkono au mguu hauna nguvu, au anayumba
- degedege, au kuzimia hata kwa dakika moja
- maji au damu inatoka masikioni au puani

Ukiona hata moja, nenda hospitali usiku huo huo. Usingoje asubuhi. Usimpe aspirini, kwa maana inaweza kuzidisha kuvuja damu. Ikiwa shingo inauma au hahisi miguu, msimwinue ovyo. Ashikiliwe kichwa na shingo bila kusogezwa mpaka msaada ufike.

Na hapa kwetu tuna mtego mmoja. Kichwa kuuma na kutapika, sisi tunasema malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto anayecheza judo aulizwe kwanza: "Leo ulianguka? Uligonga kichwa?" Na mkifika hospitali, mwambieni daktari habari ya kuanguka kabla ya kitu kingine. Msipomwambia, naye ataanza kutafuta malaria.

Mtoto aliyegonga kichwa na kuona kizunguzungu asirudi kucheza siku hiyo, hata akilia. Apumzike siku moja au mbili, arudi shule kwanza pole pole, na mazoezi ya kuangushana yaje mwisho kabisa, baada ya daktari au muuguzi kukubali. Akigonga tena kabla hajapona, hatari ni kubwa zaidi.

3. NENDA UKAONE UWANJA NA MWALIMU

Usimtume mtoto mahali ambapo wewe hujafika. Nenda siku ya mazoezi, kaa, tazama. Uliza bila kuogopa:

a) Wanaangukia nini? Simiti na udongo mgumu, hapana. Mikeka maalum ni ghali, lakini kikundi kinaweza kutengeneza: maranda ya mbao au nyasi kavu nyingi zikandamizwe, zifunikwe kwa turubai lililokazwa sana lisilete mikunjo. Kipimo chetu ni hiki: mtu mzima apige magoti juu yake kwa nguvu. Akiumia yeye, mtoto ataumia zaidi.

b) Wapya wanafundishwa kuanguka kwanza? Mtoto anatakiwa kukaa majuma kadhaa akijifunza kuanguka tu: kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, na mkono upige mkeka. Nyumbani mwambie akuonyeshe juu ya godoro. Kama kichwa kinagusa, bado hajawa tayari kuangushwa.

c) Nani anacheza na nani? Mtoto wa kilo 30 asipewe kijana wa kilo 55 ati ajikaze.

d) Kunyongana na kukunja viungo kunafundishwa? Katika nchi nyingi watoto wadogo hawaruhusiwi. Mwalimu anayewafundisha wa miaka tisa kunyongana, mwondolee mtoto wako.

e) Mwalimu alijifunza wapi? Aonyeshe cheti. Mwalimu mzuri hakasiriki akiulizwa.

4. CHAKULA NA UZITO

Katika judo watu hupangwa kwa kilo. Kwa hiyo kuna wanaowanyima watoto chakula au maji, au kuwakimbiza wakiwa wamevaa nguo nzito watoe jasho, ili waingie kundi la uzito mdogo. Huu ni ujinga wa hatari. Mwisho wa mwaka 1997 huko Marekani, vijana watatu wa vyuo waliokuwa wakicheza mieleka walikufa kwa kujipunguza uzito namna hiyo, kwa muda wa kama mwezi mmoja tu.

Mtoto anayekua ale. Hatuhitaji dawa za kujenga misuli kutoka dukani. Uji asubuhi, githeri, ugali na omena au maharagwe, mboga za kienyeji, yai, maziwa, ndizi. Na maji safi kabla na baada ya mazoezi. Kama kilo zake zimepanda, acheze katika kundi la kilo hizo. Basi.

5. MAGONJWA NA USAFI

Wachezaji hugusana ngozi kwa ngozi, kwa hiyo mapunye, choa na upele husambaa haraka. Kucha zikatwe fupi, mwili uoshwe baada ya mazoezi, koti lifuliwe na kuanikwa juani. Mwenye kidonda kinachotoa maji akae nje mpaka kikauke.

Mwambie mwalimu mapema kama mtoto ana pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo. Hapa magharibi mwa Kenya tuna watoto wengi wenye selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Hao wasianze mazoezi mazito mpaka kliniki yao ikubali. Tusifiche kwa sababu ya aibu. Aibu haitibu.

6. SISI WENYEWE KANDO YA UWANJA

Hapa tuseme ukweli. Wakati mwingine shida ni sisi wazazi.

Mwaka 2022 chama cha judo cha Japani kiliondoa mashindano ya taifa ya mchezaji mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi. Sababu? Watu wazima walikuwa wametaka ushindi kupita kiasi. Watoto walipunguzwa uzito, na wazazi na walimu waliwapigia kelele watoto na waamuzi. Kama nchi iliyozaa judo iliona haya, sisi ni nani tusijiangalie?

Mtoto akishindwa, usimwambie ameaibisha ukoo. Usimlinganishe na wa jirani. Swali la kwanza njiani liwe, "Umeumia mahali?" La pili, "Umejifunza nini?" Akisema anaogopa au amechoka, msikilize. Na mchezo usile muda wa masomo na kulala. Vile vile kazi za nyumbani zisiachiwe wasichana ili wavulana waende mazoezini. Wagawane, wote waende.

7. MTOTO ALINDWE

Judo ni mchezo wa kushikana, kwa hiyo mzazi awe macho. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, watu wazima wawe zaidi ya mmoja. Mwalimu asikae na mtoto peke yake chumbani. Wasichana wawe na mahali pao pa kubadilisha nguo.

Kumpiga mtoto ati ni nidhamu ya mchezo hakuruhusiwi. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zinamlinda. Mkiona jambo baya, msilimalize kwa mbuzi na soda nyuma ya nyumba. Pelekeni kwa polisi au afisa wa watoto, au pigeni simu nambari 116, ambayo ni ya bure.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika hadithi, ni makosa gani yalifanyika kabla mtoto hajafika nyumbani? Na baadaye?
2. Usiku wa manane, nani katika kijiji chetu ana gari? Nambari yake ya simu tunayo?
3. Familia ngapi katika kikundi zimejiandikisha na bima ya SHA na kulipa michango yake?
4. Ni maneno gani tunawaambia watoto wetu wanaposhindwa?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni wazazi watatu, mmoja wao awe mama, waende kutazama mazoezi na kuleta ripoti. Andikeni dalili za hatari kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika ukutani mahali pa mazoezi. Pangeni zamu ya wazazi, angalau mmoja awepo kila siku ya mazoezi. Na kama pesa za kikundi zinaruhusu, nunueni turubai kabla ya kununua makoti. Mtoto anaweza kungoja koti, lakini akianguka leo, kichwa chake kinahitaji mkeka leo.

Tunawatakia majadiliano mema.