Kuunganisha Violezo vya Michoro ya Kompyuta

Mchoro wa kiufundi ni lugha. Mwashi, fundi umeme na fundi bomba ambao hawajapata kuonana huelewana kwa mistari iliyochorwa juu ya karatasi moja. Lakini lugha huvurugika pale neno moja linapobeba maana mbili. Hatari hiyo imeongezeka tangu michoro ilipohama kutoka meza ya mbao na rula ya T na kuingia katika kompyuta, kwani sasa mchoro mmoja huweza kuundwa kwa vipande vilivyotoka katika mafaili mengi. Somo hili linaeleza jinsi vipande hivyo vinavyounganishwa, na kwa nini kazi hiyo huhitaji mapatano kabla ya kuhitaji mashine.

1. Kiolezo ni nini?

Fundi cherehani hakati kitambaa kwa kukisia. Hutandika kwanza pateni, kisha hukata. Mchoraji wa kompyuta naye ana kiolezo chake. Hilo ni faili ambalo kwa kawaida halina bado mchoro wa nyumba wala wa mashine, bali lina kanuni za kuchorea. Kwa kawaida mna mambo matano ndani yake:

(a) kizio cha urefu, kama vile milimeta au meta;
(b) matabaka, yaani mafungu ya mistari yaliyotengwa kwa majina, mfano kuta, umeme na maji;
(c) mitindo ya herufi na ya kuandika vipimo;
(d) maumbo tayari, kama vile mlango, dirisha au taa, yanayochorwa mara moja na kutumiwa mara nyingi;
(e) fremu ya karatasi pamoja na kisanduku cha maelezo.

Hata kisanduku hicho kina kanuni yake. Karatasi ya A4 ina upana wa milimeta 210. Viwango vya kimataifa hutenga pambizo ya milimeta 20 upande wa kushoto na milimeta 10 upande wa kulia. Zinazobaki ni milimeta 180, na huo ndio upana uliowekwa kwa kisanduku cha maelezo.

Katika programu ya AutoCAD, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982, faili la kiolezo hutambulikana kwa herufi DWT, na la mchoro wa kawaida kwa herufi DWG. Mchoro mpya huanzishwa kutoka kiolezo kimoja tu, nao hurithi yote yaliyomo. Baada ya hapo uhusiano hukatika. Kiolezo kikirekebishwa leo, mchoro ulioanzishwa jana haubadiliki.

2. Njia mbili za kushirikiana

Wazo la kutumia umbo moja mahali pengi si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, alieleza programu yake iitwayo Sketchpad. Mchoraji aliweza kuchora umbo asilia kwa kalamu ya nuru juu ya kioo cha kompyuta, kisha kuliweka mahali pengi katika mchoro. Umbo asilia liliporekebishwa, yale yote yaliyotokana nalo yalirekebika pia.

Leo mafaili hushirikiana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili: umbo au tabaka huchukuliwa kutoka faili moja na kuingizwa katika jingine, na tangu hapo kila faili lina nakala yake. Njia ya pili ni kurejea: faili moja huonyesha yaliyomo katika jingine bila kuyamiliki. Anayenakili ni kama mtu aliyechota maji akayaweka mtungini kwake. Anayerejea huenda kisimani kila siku. Kisima kikisafishwa, wote wanaokitegemea hunufaika. Kikichafuliwa, wote hudhurika.

Ni dhahiri basi kwamba vitu vinavyobadilika mara kwa mara, kama ramani ya kuta inayotumiwa na mafundi wengi, hufaa kurejewa. Vitu vilivyotulia, kama mitindo ya herufi, hufaa kunakiliwa.

3. Hatua za kuunganisha violezo

Tuseme ofisi moja ina kiolezo cha majengo na kingine cha umeme, na inataka kiwe kimoja. Kwa kuwa mchoro hauwezi kuanzishwa kutoka violezo viwili kwa mpigo, hatua ni hizi:

Kwanza, violezo vyote viwili vinakiliwe na kuhifadhiwa pembeni. Pili, orodha ya majina yote yaliyomo iandikwe, safu mbili kwa safu mbili. Tatu, kimoja kichaguliwe kuwa msingi. Nne, vile tu vinavyokosekana katika msingi viletwe kutoka kiolezo cha pili. Tano, visivyotumika viondolewe. Sita, mchoro mdogo wa majaribio uchorwe na kuchapwa. Mwisho, faili lihifadhiwe kama kiolezo kipya, kwa jina jipya na tarehe.

4. Jina moja, maana mbili

Hatua ya pili hurukwa na wengi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kama violezo viwili vina umbo liitwalo MLANGO, la kwanza likiwa na upana wa milimeta 900 na la pili milimeta 800, kompyuta haitauliza ni lipi sahihi. Umbo lenye jina hilo linapoletwa kwa kuburutwa kutoka faili jingine, AutoCAD hushika maana iliyomo tayari katika faili linalopokea na kuliacha lile linaloingia. Mchoro utaonekana safi, lakini milango iliyochorwa si ile iliyokusudiwa.

Majina mawili kwa kitu kimoja ni usumbufu. Jina moja kwa vitu viwili ni hatari. Kwa sababu hiyo, programu hiyo inaporejea faili la nje huweka jina la faili hilo mbele ya jina la tabaka, na kuyatenga kwa mstari wima, ili mchoraji ajue tabaka limetoka wapi.

Vizio navyo huleta mgongano wa namna hiyo. Meza ya maabara yenye urefu wa meta 1.5 huandikwa 1.5 katika faili la meta, na 1,500 katika faili la milimeta. Ikihamishwa bila kubadilishwa kizio kutoka faili la kwanza kwenda la pili, itakuwa na urefu wa milimeta moja na nusu, sawa na kichwa cha pini.

5. Funzo la ndege ya A380

Kampuni ya Airbus ilipounda ndege kubwa ya abiria ya A380, viwanda vyake vya Ujerumani na Hispania vilitumia toleo la nne la programu ya CATIA, huku vya Ufaransa na Uingereza vikitumia toleo la tano. Ndege moja ilikuwa na nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilometa 500. Mabadiliko yaliyofanywa katika mchoro wa upande mmoja hayakufika kikamilifu upande wa pili. Nyaya zilizotengenezwa Ujerumani zilipofikishwa Toulouse kuunganishwa, baadhi zilikuwa fupi mno. Mwaka 2006 kampuni ilitangaza ucheleweshaji mkubwa, na ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa mnunuzi Oktoba 2007. Hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya yuro.

Wahandisi hao hawakukosa elimu wala mashine. Kilichokosekana ni kiolezo kimoja kilichokubaliwa na wote kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Maswali na zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kunakili na kurejea, na utoe mfano mmoja wa kila njia.
2. Inchi moja ni milimeta 25.4. Dirisha lenye upana wa inchi 48 lina upana wa milimeta ngapi? Litaonekana lina upana gani likiingizwa katika faili la milimeta bila kubadilishwa kizio?
3. Zoezi hili halihitaji kompyuta. Darasa ligawanywe katika vikundi vitatu. Kila kikundi kichore sehemu moja ya chumba cha darasa: kuta, samani na taa, bila kuzungumza na vingine. Michoro iwekwe juu ya dirisha, mmoja juu ya mwingine, ili nuru ipenye. Orodhesheni migongano yote ya vizio, skeli na alama, kisha mwandike kanuni tano za kiolezo cha darasa na kurudia kazi.