Ndoa Moja, Kingo Mbili za Mto Lhubiriha: Namna ya Kuithibitisha kwa Uhamiaji

Huku kwetu Munkunyu na Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, ndoa ya pande mbili haimshangazi mtu. Mke analima pamba huku, mume ana duka Butembo; au mume ni mwalimu Kasese na mke anauza samaki Kasindi. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa ukoo mmoja na lugha moja, na mpaka ulipochorwa ulitukuta tumeshaoana. Lakini ofisa wa uhamiaji hasomi ukoo, anasoma faili. Akikuta mume na mke wanaopitisha wiki kadhaa bila kulala nyumba moja, lazima ajiulize kama ndoa hiyo ipo, au iliandikwa tu ili mmoja apate karatasi.

Mimi ni mwanamke wa Munkunyu. Mume wangu ni Mkongo anayeuza vitenge Butembo, na tumeipita njia hii mpaka akapata ukaazi kama mume wa raia. Ninaandika kwa sababu ushauri unaozagaa soko la Mpondwe ni mbaya. Wanakwambia: semeni mnaishi pamoja, tafuteni mkataba wa nyumba ya kupanga, pigeni picha nyingi siku moja mkibadilisha nguo. Kuna broka aliyetaka kutuuzia vyote hivyo kwa pamoja. Tulikataa, na ninamwomba kila anayesoma hapa akatae. Umbali wenu msiufiche. Uelezeni kwa karatasi, tena kwa utaratibu, hadi ofisa aone kwamba watu wasio na ndoa wasingejisumbua kiasi hicho kurudiana.

Kabla ya yote, jueni mnaomba nini. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 12, inamruhusu aliyeoana na raia kuomba kusajiliwa kuwa raia akithibitisha ndoa halali ambayo bado ipo, kwa miaka mitatu au muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Muulizeni ofisa muda unaotumika siku mnayoomba. Lakini Mkongo afikiri mara mbili: ibara ya 10 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Mume wangu ana mama mzee na kiwanja upande ule. Hakuwa tayari kuupoteza uraia wake kwa ajili ya muhuri, kwa hiyo tuliomba ukaazi. Wengi wanakimbilia uraia bila kulipima hilo.

Sasa cheti. Kama mlifunga ndoa kanisani, kile cheti cha kwenye fremu ukutani hakitoshi. Kanisa linatakiwa kupeleka kumbukumbu za ndoa kwa URSB, yaani ofisi ya serikali ya usajili, na makanisa mengi hayapeleki. Nendeni mkaulize kama ndoa yenu imo kwenye rejista yao, kisha mwombe barua ya kuithibitisha. Wana ofisi Mbarara, kwa hiyo si lazima mfike Kampala. Mliooana kimila, mbuzi wakatolewa na wazee wakala, sheria ya kusajili ndoa za kimila ya 1973 inawataka mwende makao ya kata ndogo kuandikisha ndani ya miezi sita. Muda ukishapita bado nendeni, mkiwa na wazee walioshuhudia mahari. Na kama mwenzio ana ndoa nyingine iliyosajiliwa kule ng'ambo, ongeeni ukweli huo nyumbani kabla hamjagusa fomu, kwa sababu utajulikana. Ndoa ya kanisa juu ya ndoa nyingine ni kosa la jinai Uganda, na sheria ya familia ya Kongo haitambui mke wa pili.

Jambo lililotaka kutuangusha ni majina. Ninalikazia kwa sababu sijaona mahali linapoelezwa, na linamgusa kila mtu wa huku. Sisi tunapewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa pili huku anaitwa Bwambale, ng'ambo anaitwa Kambale. Wa tatu ni Masereka huku na Kasereka kule; wa nne Kule na Kakule; wa tano Thembo na Katembo. Karani wa kanisa letu alimwandika mume wangu Bwambale, kwani kwake hilo ndilo jina. Pasipoti yake inasema Kambale. Kwa mtu wa Munkunyu huyo ni mtu mmoja. Kwa ofisa aliyekulia upande mwingine wa nchi hao ni wanaume wawili, na mmoja wao anatumia ndoa ya mwenzake.

Tiba yake ni tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo, linaloeleza kwamba Bwambale wa cheti na Kambale wa pasipoti ni mtu yuleyule, likitaja tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi wake. Tuliambatanisha nakala ya kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho cha kila siku. Tamko lenyewe lieleze pia desturi ya majina kwa sentensi mbili tatu. Msidhani ofisa anaijua.

Watoto nao wanaleta swali hilohilo. Binti yetu wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na hakuna anayebeba jina la baba. Anayetegemea kuona jina moja la familia kwa sisi sote ataona watu wasiohusiana. Hapo cheti cha kuzaliwa cha NIRA, yaani mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu, kinafanya kazi kubwa, kwa sababu majina ya wazazi wote wawili yako kwenye karatasi moja. Kadi ya chanjo ya kliniki ni nyongeza nzuri, hasa ikiwa baba alimpeleka mtoto na namba yake ya simu ikaandikwa. Hati za Kongo ziko kwa Kifaransa. Tafuteni mfasiri anayetambulika azitie Kiingereza na kugonga muhuri wake, wala msimpe kazi hiyo mpwa anayesoma sekondari.

Kisha njoo mpakani, maana ushahidi wa ndoa za huku unapotelea hapo. Kuvuka Mpondwe kwenda Kasindi ni rahisi mno. Siku za soko watu wanapita kwa mamia. Wapo wanaovuka kwa jetoni, kile kibali cha siku moja, wapo wanaoonyesha kitambulisho tu, na wapo wanaoshuka mtoni kwa njia ya panya. Mume anaweza kuja nyumbani miaka kumi kwa namna hiyo, na serikali isiwe na alama hata moja kwamba aliwahi kufika. Ndipo anapoomba ukaazi, ofisa anafungua pasipoti na kukuta kurasa nyeupe. Ukiwa ofisa, ungeamini nini?

Kwa hiyo apite ofisini, kila safari, atoke Kongo kwa muhuri na aingie Uganda kwa muhuri. Foleni inachosha, na siku ya soko inachosha zaidi, lakini hakuna ushahidi unaoushinda huo, kwa sababu hamkuutengeneza ninyi. Pasipoti ya mume wangu niliitoa nakala kurasa zote, nikachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni ya kila muhuri sababu ya safari ile: Krismasi, mavuno ya pamba, Biira kalazwa, msiba wa baba mkwe wake. Kisha nikaweka nyuma karatasi inayolingana na tarehe, kama stakabadhi ya hospitali au risiti ya mabati tuliyonunua Bwera yenye jina lake. Ofisa alizipitia zile kurasa polepole, kidole chake kikifuata wino mwekundu, na maswali aliyouliza baadaye yalikuwa ya mtu anayetaka kujua zaidi.

Mkiambatanisha kumbukumbu za simu au ujumbe, andikeni juu ya ukurasa wa kwanza kwamba saa za Butembo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja. Bila hivyo, ujumbe wa kwake na jibu la kwako vinaweza kuonekana havilingani. Chagueni michache ya siku za kawaida. Mume kuuliza kama mbuzi amezaa kunaaminika kuliko kurasa mia za mapenzi.

Kuhusu pesa, taarifa ya Airtel Money au MTN mnaichapisha na kuipigia mstari. Lakini pesa nyingi za huku huja mkononi mwa dereva au mfanyabiashara mwenzake. Mimi nina daftari ambamo nimeandika kila kilichofika: tarehe, aliyeleta, kiasi, kama ni dola au shilingi, na kilichofanyika. Peke yake daftari ni maneno ya mke tu. Likilingana na risiti ya karo ya wiki ileile, linakuwa kitu kingine.

Tuliulizwa pia kwa nini shamba na nyumba viko kwa jina langu tu, kana kwamba mume hana mizizi hapa. Jibu lake ni la kisheria, lifahamuni: Sheria ya Ardhi ya 1998 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ya Uganda zaidi ya kuikodisha, kwa muda usiozidi miaka 99. Asingeweza kuandikwa hata tungetaka. Lakini sheria hiyohiyo inataka mwenzi akubali kwa maandishi kabla ardhi ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani. Tulipouza kipande kidogo kulipia upasuaji, mume wangu alisaini ridhaa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Karatasi ile yenye saini mbili na muhuri wa kijiji ilikuwa na uzito kuliko picha za harusi.

Barua ya LC1 yenyewe, usikubali ile ya mistari miwili inayosema "nawafahamu hawa". Mwombe mwenyekiti aandike anachokijua: mume anafanya kazi Butembo, huja nyumbani, alishiriki ujenzi wa kisima, alizika hapa. Mzee wetu aliandika hivyo kwa mkono wake, na sikumwambia neno la kuandika.

Linabaki pengo. Kila ndoa ya mpakani ina kipindi ambacho mume hakuja, na ofisa ataliona kabla ya kitu kingine. Sisi tuliandika barua ya ukurasa mmoja inayotaja kila pengo na sababu yake, kwa matukio yanayojulikana. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, Butembo ikaathirika vibaya, na mwezi Juni 2019 mtoto aliyetoka ng'ambo akagunduliwa nayo baada ya kufikishwa hospitali ya Kagando, jirani yetu kabisa. Mimi mwenyewe nilimwomba mume wangu asije. Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona. Januari 2023 bomu liliua waumini kanisani Kasindi, na Juni mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha wakauawa usiku. Barabara ya Kasindi kwenda Beni kuna nyakati hakuna anayeipita bila msafara wa askari. Hakuna mke mwenye huruma anayemlazimisha mumewe kusafiri siku hizo. Liandikeni hilo waziwazi, na muonyeshe mliwasilianaje wakati ule.

Mahojiano tulifanyiwa kila mtu chumba chake. Niliulizwa jiko letu limeezekwa kwa nini. Nikasema nusu bati na nusu nyasi, kwa sababu tembo wa mbugani walibomoa upande mmoja na hatujamaliza kurekebisha. Mume wangu aliulizwa hilohilo akajibu hivyohivyo, kisha akaongeza malalamiko yake kuhusu fundi. Niliulizwa jina la mwenye nyumba anayompangisha Butembo. Sikulijua, nikasema silijui. Ofisa akatazama juu: "Mama, hujui mumeo anaishi kwa nani?" Nikamwambia, "Ninajua mtaa, ninajua mlango, nimelala pale. Huyo mzee watoto wote wanamwita Papa, na mimi namwita hivyo." Wanaoishi mbali hawawezi kujua yote, na kukariri majibu ya kufanana neno kwa neno kunatia shaka kuliko kutojua.

Wenzangu ambao waume zao wako Uingereza au Marekani, mantiki ni hiyohiyo ila milango ni mingi zaidi. Uingereza inataka ndoa iwe ya kweli na iliyo hai, na juu yake imeweka kipato: tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemwita mwenzi wake anatakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 za awali. Marekani ilikaza sheria za ndoa za uongo mwaka 1986, na ndoa isiyotimiza miaka miwili siku mwenzi anapopokelewa humpa kwanza ukaazi wa masharti wa miaka miwili. Kule kote, jambo la majina yetu lielezeni tangu ukurasa wa kwanza.

Mkishafanikiwa, faili lisifungwe. Ukaazi wenye muda unaisha, na siku ya kuuongeza watataka kuona maisha ya baada ya kibali. Tuna bahasha mbili zenye nakala zilezile, moja Munkunyu na nyingine Butembo, na kila mume wangu anapokuja tunakaa mezani kuongeza yaliyotokea tangu tulipoagana.