Safari Iliyozuiliwa na Kazi Iliyofanyika

Ni nani miongoni mwetu asiyepata kufunga mizigo yake na kuagana na jirani, kisha akaambiwa kwamba njia haipitiki? Mvua za masika hukata barabara, daraja huchukuliwa na maji, au ugonjwa huingia nchini na mipaka ikafungwa, kama tulivyoona sote mwaka wa 2020. Mtu hurudi nyumbani na mzigo wake, naye huona haya hata kuufungua. Huketi barazani akiuliza kila apitaye habari za njia. Sisi wenyewe tulifanya hivyo zamani. Tulimaliza majuma mawili tukitazama mawingu, na hata leo hatuwezi kusema tulifanya nini katika siku zile. Kwa hiyo twataka kujifunza habari za mtu mmoja aliyezuiliwa vibaya kuliko sisi, wala hakuzipoteza siku zake.

Mtu huyo ni Alexander Pushkin, mtunga mashairi mkuu wa Warusi, aliyezaliwa mwaka wa 1799. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika, aliyechukuliwa akali mtoto mpaka Istambul, na kutoka huko akapelekwa kwa Petro Mkuu, mfalme wa Urusi. Wataalamu wangali wakibishana alizaliwa sehemu gani ya Afrika. Kitukuu huyu hakuificha damu hiyo, bali aliitaja katika maandiko yake.

Mwaka wa 1830 Pushkin alikuwa amemposa Natalya Goncharova wa Moscow. Posa ilikubaliwa, lakini arusi ilikawia. Kwanza ami yake alifariki mwezi wa Agosti, ikawa lazima kungoja matanga yaishe. Tena palikuwa na neno la mali. Kwetu mume ndiye atoaye mahari. Kwao ilikuwa desturi jamaa za binti wampe mali ya kuingia nayo nyumbani mwa mumewe, na mama yake Natalya hakuwa nayo, wala hakutaka kumwoza binti yake mikono mitupu. Maneno yakawa makali, hata Pushkin akamwandikia mchumba wake kwamba yu huru, ingawa yeye hatamwoa mwingine. Akiwa na moyo mzito hivi akashika njia ya Boldino, shamba la ukoo wake katika jimbo la Nizhny Novgorod, ili apokee kijiji alichopewa na baba yake na kukiweka rehani, apate fedha za arusi. (Siku zile wakulima wa Urusi walihesabiwa pamoja na shamba, wanaume 200 wa kijiji kile waliwekwa rehani kama ardhi yenyewe. Neno hili lisipitwe kimya, hata tukimsifu mtunzi.)

Alifika mwanzo wa Septemba, asikusudie kukaa sana. Ndipo kipindupindu kilipopanda kutoka upande wa mto Volga. Watu hawakujua bado kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji machafu. Daktari John Snow alionyesha jambo hilo mjini London mwaka wa 1854, yaani miaka 24 baadaye. Serikali ilizuia watu kwa karantini njiani. Pushkin akaambiwa kwamba kati yake na Moscow kuna vituo vitano, na katika kila kimoja msafiri hukaa siku 14. Msomaji na apige hesabu. Alijaribu kuondoka, akarudishwa. Tusidhani kwamba alikuwa mtu mtulivu: alinung'unika sana katika barua zake, tena aliogopa, maana kipindupindu kiliingia Moscow nako, alikokuwa mchumba wake.

Lakini aliandika. Twajua hivyo kwa kuwa alikuwa na desturi ya kutia tarehe chini ya kazi zake, na tarehe hizo hushangaza. Tarehe 9 Septemba alimaliza hadithi ya fundi wa majeneza, tarehe 14 hadithi ya mzee mwenye kituo cha farasi wa posta, tarehe 20 nyingine tena. Tarehe 25 alikamilisha "Yevgeni Onegin", masimulizi marefu ya mashairi aliyoyaanza mwaka wa 1823. Yeye mwenyewe aliketi akahesabu miaka, miezi na siku alizoifanya kazi ile. Oktoba zikaja hadithi mbili zaidi. Kisha, kati ya tarehe 23 Oktoba na tarehe 6 Novemba, michezo minne mifupi ya kuigizwa, na ule wa mwisho ni wa watu walioketi mezani kwa karamu huku tauni ikiua mjini. Zaidi ya hayo yako mashairi mafupi yapata thelathini. Yote hayo ni kazi ya miezi mitatu.

Twawezaje kuyaeleza hayo? Wengine husema, Alikuwa na kipaji. Ni kweli, lakini kipaji alikuwa nacho Moscow pia. Sisi twaona neno jingine lililo kubwa zaidi. Michezo ile minne haikuzaliwa yote Boldino. Miaka minne hivi kabla ya hapo alikuwa ameandika orodha ya majina ya michezo aliyotaka kuitunga, na baadhi ya hii imo. "Onegin" nayo ilikuwa imekwisha kutungwa sehemu kubwa. Basi karantini haikumpa mbegu, ilimpa siku za kupalilia. Mtu asiye na kazi iliyoanzwa, akifungiwa ndani, hana ila kutazama mawingu, kama sisi tulivyofanya.

Kwa ajili hiyo twawashauri ndugu zetu, hasa makatekista ambao safari zao za vijijini hukatizwa kila masika, wawe na daftari moja ya kazi zilizoachwa nusu. Labda ni habari za wazee wa kwanza wa mtaa, ambazo hakuna aliyeziandika na wanaozikumbuka wanapungua. Labda ni nyimbo zinazoimbwa kwa kichwa tu, au kiti kilichokosa mguu, au mkeka uliosukwa robo. Na kila kazi itiwe tarehe inapokwisha. Tumejaribu jambo hili dogo la tarehe, nalo lina nguvu kuliko tulivyodhani.

Pushkin alifika Moscow mwezi wa Desemba. Kijiji kiliwekwa rehani kwa rubli 38,000, naye akamkopesha mama mkwe 11,000 kwa mahitaji ya binti; arusi ikafungwa Februari 1831. Mwaka wa 1833 alirudi Boldino kwa hiari yake, akafanya tena kazi nyingi. Akarudi mara ya tatu mwaka wa 1834, akitumaini vivyo hivyo. Safari hii njia zilikuwa wazi, lakini kichwa kilijaa madeni na mambo ya shamba. Alikaa majuma machache, akaondoka na hadithi moja tu, ya jogoo wa dhahabu.