Chunusi na Sahani: Mwenye Hatia ni Njugu au Mandazi?

Katika umri wetu huu wa kubalehe hakuna adui anayetusumbua kama chunusi. Mtu analala uso ukiwa laini, asubuhi anaamka na kipele chekundu juu ya pua, na siku hiyo ndiyo mwalimu anamwita ubaoni! Sisi wa shule ya kutwa tuna taabu zaidi, kwani hupita sokoni Gakindu asubuhi na jioni, na kila mama tunayemwamkia ana ushauri wake. Mmoja atasema acha njugu. Mwingine ati acha parachichi, mafuta yake ndiyo yanatokea usoni. Wa tatu atasema ni damu chafu.

Jambo hili si la mzaha. Darasani mwetu kuna msichana aliyeacha njugu, parachichi na hata maharagwe, kwa hivyo githeri haigusi. Saa saba anakula mandazi mawili na soda, basi. Jioni kwenye mpira wa wavu anashikwa na kizunguzungu, na chunusi zenyewe bado ziko pale pale. Kwa ajili yake ndiyo nikaanza kuuliza na kusoma.

Chini ya ngozi kuna tezi ndogo ndogo za mafuta ambazo hufungukia kwenye vinyweleo. Tunapobalehe homoni huongezeka, nazo tezi hizo hutoa mafuta mengi. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa, kinyweleo huziba, bakteria huzaana humo na mahali hapo huvimba. Kwa hivyo mafuta hayo hutengenezwa na mwili wenyewe. Parachichi halitoki tumboni likapanda hadi shavuni, na damu haina uchafu wowote. Urithi nao una nguvu: kama wazazi walikuwa nazo, usishangae.

Je, chakula hakina neno? Kwa miaka mingi madaktari wengi walisema hakina. Mwaka wa 1969 kule Marekani, watu 65 walilishwa chokoleti, na kwa zamu nyingine wakalishwa peremende isiyo na chokoleti. Tofauti haikuonekana. Lakini zote mbili zilijaa sukari na mafuta! Huko ni sawa na kulinganisha mandazi na keki.

Mwaka wa 2002 Loren Cordain na wenzake walitoa ripoti kuhusu kisiwa cha Kitava, nchini Papua New Guinea. Watu 1,200 walipimwa, 300 kati yao wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 25, na hakuna hata mmoja aliyepatikana na chunusi. Chakula chao ni viazi vitamu, nduma, viazi vikuu, matunda, samaki na nazi. Nilipofika hapo nilicheka, maana nusu ya vyakula hivyo viko shambani kwa nyanya yangu! Hata hivyo tusikimbilie kuamua, kwani huenda ni ukoo wao tu. Ndiyo maana napenda zaidi jaribio la Australia la 2007. Vijana wa kiume 43 waligawanywa: kundi moja lilipunguza sukari na unga mweupe kwa wiki 12, na chunusi zao zikapungua zaidi ya za wenzao. Walipungua uzito pia, kwa hivyo huenda huo nao ulisaidia.

Sababu inayotajwa ni hii: sukari na unga uliokobolewa huingia kwenye damu haraka, mwili unamwaga homoni ya insulini kwa wingi, nayo huchochea zile tezi. Ngwaci za kuchemsha na githeri huenda polepole. Yaani yule msichana ameacha chakula kisicho na hatia na kumkumbatia mshukiwa mwenyewe! Tena kwenye githeri ndimo mlimo protini na madini ya chuma, na soda huozesha meno.

Sasa maziwa. Hapa Mukurweini hili ni gumu kusema, kwa sababu karo za wengi wetu zinatoka kwa ng'ombe. Uchunguzi kadhaa umeona kwamba wanywaji wa maziwa mengi wana chunusi zaidi kidogo, lakini hilo halithibitishi kuwa maziwa ndiyo chanzo. Simwambii mtu amwage maziwa, maana mifupa yetu bado inakua na inayataka. Heri kupunguza vile vijiko vitatu vya sukari kwenye chai.

Na wewe unayenunua krimu za kung'arisha uso siku ya soko, sikiliza. Baadhi yake zina zebaki, inayoharibu figo. Nyingine zina steroidi: uso unapendeza wiki mbili tatu, kisha ngozi inakuwa nyembamba na chunusi mpya zinafumuka. Chunusi zinazouma na kuacha makovu zipeleke kwa daktari, kwa maana dawa zake zipo, ila huchukua wiki nane au zaidi kabla ya kuonyesha kazi yake. Wengi huziacha wiki ya pili.