Mwanangu hataki kula bila katuni

*Daktari, mwanangu wa miaka 2 na nusu hali chakula mpaka nimwekee katuni kwenye simu. Nikiichukua, anajitupa chini na kulia. Maneno yake bado machache. Je, simu imemharibu?*
*Mama wa mtoto, Temeke*

Mama, usijilaumu. Unaogopa kwamba simu imemdumaza mwanao, lakini katika umri huu nafasi ya kurekebisha bado ni kubwa.

Mtoto hujifunza kusema kwa kujibizana na mtu. Katuni humsemesha, ila haimsubiri ajibu. Lakini mtoto anapochota maji kwa kikombe na kuyamimina kwenye kopo, mkono unajifunza kulenga, huku akikusikia ukisema "limejaa", "yamemwagika". Hapo neno linakutana na kitu.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Anza na mlo mmoja bila simu; mwache ashike tonge mwenyewe. Siku za mwanzo atalia. Mbembeleze, lakini usimrudishie simu. Mpe sufuria, mwiko na makopo, na kaa naye kila anapochezea maji.

Ikiwa haungi maneno mawili, kama "mama maji", haitiki akiitwa jina, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki sasa akapimwe usikivu na ukuaji. Usingoje kwa kuambiwa "ataongea tu".