SOMO: VUMBI NI ADUI WA INJINI



Remba imezungukwa na maji, lakini injini ya jenereta au ya posho mili bado hula vumbi la ardhi na la unga. Vumbi hilo husaga silinda na ringi kama msasa. Mkiona moshi wa buluu na oili inaisha haraka, jueni pesa za kikundi zinateketea.

Hata wenye nguvu wanasumbuka. Katika vita vya Ghuba, 1991, vifaru vya Marekani aina ya Abrams vilikuwa na injini za tabaini, jamii ya zile za ndege. Zinavuta hewa nyingi mno, kwa hiyo askari walisafisha filta mara kwa mara jangwani.

Fanyeni hivi:

1. Zimeni injini kwanza. Msiiwashe kamwe bila filta ya hewa.
2. Filta ya karatasi: igongeni polepole vumbi litoke. Msiioshe kwa petroli. Ikichanika, nunueni mpya.
3. Filta ya bakuli la oili: mwageni oili yenye matope, osheni bakuli, jazeni mpaka alama tu.
4. Kagueni mpira wa hewa. Ufa mdogo hupitisha vumbi.

Moshi mweusi? Huenda filta imeziba.

Jadilianeni: Kwenu nani husafisha filta, na siku gani? Pesa ya filta mpya imewekwa?