Kimo, Kamba na Sekunde Mbili: Fizikia ya Usalama wa Wasafishaji wa Madirisha

Wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka. Msemo huo hutumiwa zaidi kuwaonya wenye vyeo, lakini kwa mtu anayesafisha madirisha ya jengo refu una maana iliyo wazi kabisa. Kila apandaye asubuhi hana budi kushuka jioni. Tofauti iko katika namna ya kushuka.

Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta mjini Nairobi, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1973, lina ghorofa 28, na sehemu kubwa ya uso wake ni zege. Majengo mengi yaliyofuata mjini Nairobi na Dar es Salaam yamevikwa vioo tangu chini hadi juu. Kioo hushika vumbi na moshi, na karibu na bahari hushika chumvi. Kwa hiyo idadi ya watu wanaofanya kazi wakiwa wamening'inia nje ya kuta imeongezeka pamoja na vioo.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, na Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2007. Sheria hizo humpa mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya wafanyakazi wake, na humpa mfanyakazi wajibu wa kujilinda na kuwalinda wenzake. Hata hivyo, mfanyakazi aliyeambiwa kanuni pasipo kuambiwa sababu huiona kuwa ni usumbufu, na siku ya haraka huiacha. Makala haya yanaonyesha kwamba kila kanuni ya kazi hiyo ni hesabu ya fizikia iliyokwisha kufanywa mapema, kwa ajili ya mtu ambaye hatapata nafasi ya kuifanya wakati wa hatari.

Muda wa kuanguka

Kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa takriban mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukinzani wa hewa ukiachwa kando, kimo alichoanguka mtu ni sawa na nusu ya mchapuko huo ikizidishwa kwa mraba wa muda. Matokeo yake ni haya:

Kimo cha mita 5: sekunde 1, kasi ya kilomita 36 kwa saa.
Kimo cha mita 20: sekunde 2, kasi ya kilomita 72 kwa saa.
Kimo cha mita 45: sekunde 3, kasi ya kilomita 108 kwa saa.

Mtu aliye nje ya ghorofa ya sita au ya saba, basi, ana sekunde mbili tu. Katika nusu ya kwanza ya sekunde, kabla hajatambua vyema lililompata, amekwisha kushuka mita 1.25, na ukingo aliotaka kuushika uko juu ya kichwa chake. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni ya kwanza: mfanyakazi hufunga kamba yake kabla ya kuvuka ukingo, na huifungua baada ya kurudi ndani. Hakuna hatua moja ya katikati inayoruhusiwa bila kamba.

Kinga ya kwanza ni kutopanda

Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za kimo zinaweka mpangilio unaofaa kukumbukwa na kila fundi. Kwanza, kazi ifanyike bila kupanda, ikiwezekana. Pili, ikiwa lazima kupanda, mtu azuiwe asianguke. Tatu, ikiwa hatari ya kuanguka haikuondoka, umbali na madhara ya kuanguka yapunguzwe. Mkanda na kamba ya kudaka mtu ni kinga ya mwisho, ingawa wengi hudhani ndiyo ya kwanza.

Madirisha ya ghorofa za chini yanaweza kusafishwa na mtu aliyesimama ardhini, akitumia mti mrefu wenye brashi na mpira wa maji. Maji yanayotumika huwa yameondolewa chumvi. Maji ya bomba yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe, kwa kuwa maji huenda hewani lakini madini yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Maji yasiyo na madini hukauka bila doa, wala hayahitaji mtu wa kuyapangusa. Hapa kemia imeondoa haja ya kupanda. Lakini mti huo una hatari yake: ukiwa wa alumini hupitisha umeme, na hata ule wa nyuzi za kioo hupitisha ukilowa. Kwa sababu hiyo hautumiwi karibu na nyaya za umeme.

Ngazi

Ngazi huegemezwa kwa uwiano wa nne kwa moja: kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama wima mno, mpandaji huweza kuanguka nayo kinyumenyume. Ikilala mno, msuguano wa sakafu haututoshi kuizuia isiteleze. Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba haja ya msuguano huongezeka kadiri mtu anavyopanda, kwa maana uzito wake unazidi kuwa mbali na mguu wa ngazi na kuisukuma kwa nguvu zaidi ukutani. Ngazi iliyotulia mtu akiwa kidato cha tatu yaweza kuteleza akiwa kidato cha kumi. Kwa hiyo ngazi hufungwa, au hushikwa na mtu wa pili, tangu mwanzo.

Kusimama ghafla

Kamba inapomdaka mtu aliyeanguka, huwa imemzuia asifike ardhini, lakini bado hajaokoka. Mwili huumizwa na kusimama ghafla, iwe ni juu ya ardhi au katika ncha ya kamba.

Chukuliwe mfanyakazi ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 80, yaani uzito wa nyutoni 800. Ameanguka mita 2 kabla kamba haijakazika. Wakati huo ana nishati mwendo ya jouli 1,600. Nishati hiyo, pamoja na ile ya uzito wake anapoendelea kushuka, haina budi kumalizwa katika umbali wa kusimama. Ikiwa kamba ni ngumu na inamsimamisha katika sentimita 10, wastani wa kani inayomvuta ni nyutoni 16,800, mara 21 ya uzito wake. Ikiwa anasimamishwa katika mita 1, wastani wa kani ni nyutoni 2,400 tu.

Hiyo ndiyo kazi ya kifyonza mshtuko, kijifuko kidogo kinachofungwa katika kamba fupi ya mfanyakazi. Ndani yake mna utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, nyuzi za mshono hukatika moja baada ya nyingine na utepe hufunguka, na nishati hutumika kukata nyuzi badala ya kuvunja mifupa. Kipimo cha Ulaya kinataka kani isizidi nyutoni 6,000. Kifyonza kilichokwisha kufunguka hakitumiki tena, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kukatika.

Kani hiyo pia yapasa kugawanywa mwilini. Mkanda wa kiunoni huweza kumkunja mtu katikati na kuumiza viungo vya ndani. Nchini Marekani haukubaliwi tena kwa kudaka mtu katika kazi za ujenzi tangu tarehe 1 Januari 1998. Unaotakiwa ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mapajani, kifuani na mabegani.

Nafasi iliyo chini

Kusimama polepole kunahitaji nafasi. Kamba fupi yaweza kuwa na urefu wa mita 2. Kifyonza chaweza kufunguka hadi mita 1.75. Kutoka mahali mkanda unaposhikwa mgongoni hadi nyayo ni kama mita 1.5, na mita 1 huongezwa kwa usalama. Jumla ni mita 6.25 chini ya mahali kamba ilipofungwa. Basi mtu anayesafisha dirisha la ghorofa ya kwanza, kamba yake ikiwa imefungwa mita 5 juu ya ardhi, amevaa vifaa vyote na bado aweza kugonga ardhi. Mtu huyo anafaa kupewa jukwaa lenye kizuizi, au kamba fupi isiyomruhusu kuufikia ukingo.

Nanga

Mahali imara pa kufungia kamba, juu ya paa, hapa pataitwa nanga. Mfanyakazi anayeshuka kwa kamba hutumia kamba mbili, kila moja ikiwa na nanga yake. Moja humbeba, na ya pili humsubiri. Kuzifunga zote mbili katika nanga moja ni sawa na kuwa na kamba moja, maana nanga ikingoka zote huanguka pamoja. Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zinamtaka mwenye jengo kuthibitisha kwa maandishi kwamba kila nanga yaweza kubeba ratili 5,000, yaani nyutoni zaidi ya 22,000, kwa kila mfanyakazi aliyefungwa. Bomba la maji, fremu ya dirisha au mguu wa tangi si nanga mpaka mhandisi athibitishe.

Mzigo mmoja unapobebwa na kamba mbili zilizotengana kama herufi V, pembe iliyo kati yake ina maana kubwa. Kwa mzigo wa nyutoni 800, kila kamba huvutwa hivi:

Pembe ya digrii 60: nyutoni 462.
Pembe ya digrii 90: nyutoni 566.
Pembe ya digrii 120: nyutoni 800.
Pembe ya digrii 150: nyutoni 1,545.

Katika digrii 120 kila kamba hubeba mzigo mzima, na kupita hapo kamba mbili ni mbaya kuliko moja.

Aidha, nanga iwe juu ya mfanyakazi moja kwa moja. Mtu aliye katika ncha ya kamba ya mita 10, akiwa ameenda kando mita 6, yuko mita 8 chini ya nanga. Akiteleza atabembea kama timazi hadi mita 10 chini yake, yaani atakuwa ameshuka mita 2. Kasi yake itakuwa ile ile ya mtu aliyeanguka wima mita 2, kama kilomita 23 kwa saa, na kitakachompokea ni pembe ya ukuta.

Upepo, vyombo na uokozi

Kani ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma jukwaa la kuning'inia mara nne zaidi ya ule wa mita 10, na juu ya jengo upepo huwa mkali kuliko uwanjani. Uamuzi wa kusimamisha kazi hutegemea upepo uliopimwa huko juu.

Vyombo navyo hufungwa kwa uzi, na eneo la chini huzungushiwa kamba ili wapita njia wasipite. Chombo cha nusu kilo kikianguka kutoka mita 45 hufika na jouli 225, sawa na mzigo wa kilo 22.5 ulioachwa kutoka mita 1.

Mwisho ni uokozi. Tarehe 12 Novemba 2014, katika jengo la One World Trade Center mjini New York, jukwaa la wasafishaji wawili lilining'inia upande mmoja, karibu na ghorofa ya 68. Wazima moto walikata kioo kutoka ndani na kuwavuta wote wawili wakiwa hai. Wale walikuwa bado na jukwaa la kujishikiza. Mtu anayening'inia katika mkanda bila kusogeza miguu yumo katika hatari nyingine: misuli ya miguu haisukumi damu kurudi moyoni, damu hukusanyika chini, naye huweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo kikosi cha kazi huwa na mpango wake wa uokozi, vifaa vyake, na watu waliofanya mazoezi. Hakuna anayefanya kazi peke yake.

Jaribio la darasani

Mwalimu aandae jiwe la gramu 300 hivi, uzi mwembamba wa kushonea na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, pamoja na ndoo ya mchanga chini. Jiwe lifungwe kwa uzi wa mita 1 na kuning'inizwa taratibu: uzi utalibeba. Kisha liinuliwe hadi usawa wa mkono na kuachwa lianguke, uzi utakatika. Sasa kipande cha mpira kiunganishwe kati ya mkono na uzi, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi watazame tofauti, wakiwa wamesimama mbali na ndoo.

Maswali

1. Uzito wa jiwe haukubadilika. Ni kitu gani kilichobadilika baada ya mpira kuongezwa?
2. Mpira hulirudisha jiwe juu, lakini kifyonza mshtuko hakimrudishi mtu. Nishati imekwenda wapi katika kila hali? Ni ipi iliyo salama zaidi karibu na ukuta?
3. Mfanyakazi wa kilo 80 ameanguka mita 4 kabla ya kamba kukazika. Ikiwa anasimamishwa katika mita 1, wastani wa kani ni nyutoni ngapi?
4. Matone ya maji ya bomba na ya mvua yakaushwe juani juu ya kipande cha kioo. Elezeni tofauti ya madoa yake.
5. Msimamizi amesema, "Ni dirisha moja tu, dakika mbili, hakuna haja ya kufunga kamba." Mjibuni kwa hesabu.